Kabla ya Mkopo, Hesabu: Kikundi Chenye Bidhaa Nyingi Mtwara Kinavyoweza Kujua Kinaporudisha Gharama

Kila mwaka minada ya korosho ghafi inapofunguliwa mwezi Oktoba, Mkoa wa Mtwara hubadilika sura. Mazao hutoka mashambani kwenda kwenye vyama vya msingi vya ushirika, kisha maghalani, na bei inayotangazwa mnadani huwa ndiyo mazungumzo ya kila baraza. Katika majuma hayohayo, vikundi vidogo vya wabanguaji, vingi vikiwa vya wanawake na vijana, hulazimika kufanya uamuzi mmoja mzito: wanunue korosho ghafi kiasi gani, wabangue kiasi gani kwa mwezi, na wauze bidhaa zipi ili mwisho wa mwaka wasibaki na deni.

Uamuzi huo umekuwa mzito zaidi kwa sababu vikundi vingi huanza kwa fedha za mkopo. Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake uboreshwe, na ukarejeshwa mwaka 2024. Mkopo usio na riba ni nafuu kubwa, lakini bado ni deni. Kikundi kinachoukopa bila kujua ni mauzo gani yatakayorudisha gharama zake hutembea gizani.

Wahasibu wanayo hesabu ya kuwasha taa hiyo. Katika uhasibu wa menejimenti huitwa ukokotoaji wa kiwango cha kurudisha gharama, yaani kiasi cha mauzo ambacho biashara haipati faida wala hasara. Chini ya kiwango hicho kila siku ya kazi inakula mtaji. Juu yake kila mauzo yanaongeza faida. Hesabu hiyo ni nyepesi kwa mwenye bidhaa moja, lakini inahitaji uangalifu kwa mwenye bidhaa nyingi, na mbanguaji wa korosho, apende asipende, ni mwenye bidhaa nyingi.

Aina mbili za gharama na neno "mchango"

Hesabu huanza kwa kutenganisha gharama katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni gharama za kudumu, ambazo hulipwa hata kama siku hiyo hakuna korosho hata moja iliyobanguliwa: kodi ya jengo, ujira wa mlinzi, malipo ya mtunza stoo na hesabu, pamoja na uchakavu wa mashine. Kundi la pili ni gharama zinazobadilika, ambazo hupanda na kushuka kulingana na kazi: korosho ghafi, ujira wa kubangua na kumenya, kuni au mkaa, vifungashio na usafiri.

Bidhaa inapouzwa, fedha iliyopatikana hulipa kwanza gharama zinazobadilika za bidhaa hiyo. Kinachobaki huitwa mchango, kwa kuwa ndicho kinachochangia kulipa gharama za kudumu. Gharama za kudumu zikishalipwa zote, mchango wa kila bidhaa inayofuata ni faida.

Kwa muuzaji wa bidhaa moja, kazi inaishia hapo. Iwapo fundi wa ndoo anapata mchango wa shilingi 1,000 kwa kila ndoo na gharama zake za kudumu ni shilingi 300,000 kwa mwezi, anagawa 300,000 kwa 1,000 na kupata ndoo 300. Ndoo ya 301 ndiyo ya kwanza kumpa faida.

Mwenye bidhaa nyingi hawezi kugawa namna hiyo, kwa kuwa kila bidhaa ina mchango wake na gharama za kudumu ni za biashara nzima. Mlinzi halindi korosho nzima pekee akaacha vipande. Kwa hiyo kiwango cha kurudisha gharama cha biashara ya aina hii hakisimami peke yake. Daima kinafungamana na mchanganyiko wa mauzo, yaani uwiano ambao bidhaa hizo zinauzwa pamoja. Mchanganyiko ukibadilika, kiwango nacho kinahama, hata kama bei, kodi na idadi ya wafanyakazi hazijabadilika.

Fungu la kilo 100

Mfano wa kikundi cha wabanguaji katika ukanda wa Madimba na Msimbati, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, unaweza kuonesha jambo hilo. Kikundi hiki ni cha kubuni na tarakimu zake ni za kufundishia. Kila kikundi kitaweka bei na gharama zake halisi.

Inachukua takribani kilo nne hadi tano za korosho ghafi kupata kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, ambayo wataalamu wa zao huiita korosho karanga. Korosho hizo hazitoki zote zikiwa na hadhi moja. Nyingine hutoka nzima na kuuzwa kwa bei ya juu. Nyingine huvunjika na kuuzwa kama vipande kwa bei ya chini. Zote zimetoka katika gunia moja, kwa ununuzi mmoja na moto mmoja, hivyo haiwezekani kusema kwa haki ni shilingi ngapi za korosho ghafi zilitumika kwa nzima na ngapi kwa vipande.

Njia iliyo salama ni kutohesabu kwa bidhaa moja moja, bali kwa fungu. Hapa fungu moja ni kilo 100 za korosho ghafi pamoja na kila kinachotoka ndani yake. Katika mfano huu fungu linatoa kilo 22, yaani kilo 16 za korosho nzima na kilo 6 za vipande. Korosho nzima zinauzwa shilingi 28,000 kwa kilo na vipande shilingi 16,000.

Mauzo ya fungu moja:
Korosho nzima, kilo 16 kwa shilingi 28,000: shilingi 448,000
Vipande, kilo 6 kwa shilingi 16,000: shilingi 96,000
Jumla: shilingi 544,000

Gharama zinazobadilika za fungu moja:
Korosho ghafi, kilo 100 kwa shilingi 3,000: shilingi 300,000
Ujira wa kubangua na kumenya: shilingi 60,000
Kuni, vifungashio na usafiri: shilingi 44,000
Jumla: shilingi 404,000

Mchango wa fungu moja ni 544,000 ukitoa 404,000, yaani shilingi 140,000.

Gharama za kudumu za kikundi kwa mwezi ni kodi ya jengo shilingi 250,000, mlinzi 200,000, mtunza stoo na hesabu 300,000, umeme wa taa, maji na mawasiliano 90,000, na uchakavu wa mashine 280,000. Jumla ni shilingi 1,120,000. Kiasi hicho kikigawanywa kwa 140,000 jibu ni mafungu 8. Kikundi hakipati faida wala hasara kikibangua kilo 800 za korosho ghafi kwa mwezi na kuuza kilo 128 za nzima na kilo 48 za vipande, kwa jumla ya shilingi 4,352,000. Kikibangua mafungu 10, kinapata faida ya shilingi 280,000.

Kilo zilezile, matokeo tofauti

Sasa ichukuliwe kwamba kikundi hichohicho kimeletewa korosho ambazo hazikukaushwa vizuri, au moto wa kuzipikia ulizidi au ulipungua, au wabanguaji wapya walitaka kumaliza haraka. Fungu bado linatoa kilo 22, lakini nusu zimevunjika: kilo 11 ni nzima na kilo 11 ni vipande. Bei hazijabadilika, wala gharama.

Mauzo ya fungu yanashuka hadi shilingi 484,000, yaani 308,000 za nzima na 176,000 za vipande. Baada ya kutoa gharama zilezile za shilingi 404,000, mchango unabaki shilingi 80,000. Shilingi 1,120,000 zikigawanywa kwa 80,000, kiwango cha kurudisha gharama kinapanda kutoka mafungu 8 hadi mafungu 14.

Athari yake kwa kikundi kinachobangua mafungu 10 kwa mwezi ni kubwa. Katika hali ya kwanza kiliuza kilo 220 na kupata faida ya shilingi 280,000. Katika hali ya pili kimeuza kilo 220 zilezile na kupata hasara ya shilingi 320,000. Mizani imesoma sawa, wafanyakazi wamechoka sawa, wateja wamenunua kila kilichotoka. Kilichobadilika ni mchanganyiko tu.

Ndiyo maana kikundi kinachoandika kwenye daftari "tumeuza kilo 220" bila kutenganisha nzima na vipande hakiwezi kujua kwa nini fedha zimepungua. Katika mfano huu kila kilo inayovunjika hupoteza shilingi 12,000, ambayo ni tofauti ya bei kati ya nzima na kipande. Kilo tano kwa fungu ni shilingi 60,000, na ndiyo shilingi 60,000 zilizotoweka katika mchango.

Hesabu hiyo pia inaeleza namna ya kulipa ujira. Mbanguaji anayelipwa kwa kila kilo bila kujali hali yake hana sababu ya kupunguza mwendo. Kikundi kikiongeza shilingi 2,000 kwa kila kilo nzima inayozidi 11 katika fungu, na wabanguaji wakafikisha 16, kinatoa nyongeza ya shilingi 10,000 na kuokoa shilingi 60,000.

Bidhaa ya pili na mtego wa wastani

Vikundi vya pwani havitegemei korosho pekee. Kuanzia Mikindani hadi vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, bahari nayo ni shamba. Mwani unaolimwa katika mkoa huo unaweza kuuzwa mkavu au kuongezewa thamani kwa kutengeneza sabuni. Kwa hiyo kikundi cha mfano kinaamua kutengeneza sabuni ya mwani.

Sabuni moja inauzwa shilingi 2,500 na gharama zake zinazobadilika ni shilingi 1,000, hivyo mchango wake ni shilingi 1,500. Chumba cha kutengenezea kinakodiwa kwa shilingi 70,000 kwa mwezi, na gharama za kudumu zinafikia shilingi 1,190,000. Mauzo yanaonesha kuwa kila fungu moja la korosho, likiwa katika hali yake nzuri ya kilo 16 nzima na 6 vipande, linaambatana na sabuni 20.

Fungu jipya la mauzo, korosho na sabuni kwa pamoja, linaleta shilingi 594,000, na mchango wake ni shilingi 140,000 za korosho na 30,000 za sabuni, yaani 170,000. Shilingi 1,190,000 zikigawanywa kwa 170,000 jibu ni mafungu 7. Bidhaa mpya imeongeza gharama za kudumu, lakini imeshusha kiwango cha kurudisha gharama kutoka mafungu 8 hadi 7, sawa na mauzo ya shilingi 4,158,000 kwa mwezi.

Jibu hilohilo hupatikana kwa njia ya asilimia. Mchango wa shilingi 170,000 katika mauzo ya shilingi 594,000 ni takribani asilimia 28.6. Gharama za kudumu zikigawanywa kwa uwiano huo, mauzo yanayohitajika ni yaleyale shilingi 4,158,000. Njia hii inafaa kwa duka lenye bidhaa kumi au ishirini, ambako kuhesabu mafungu kungechosha.

Hapa ndipo ulipo mtego. Mtu anaweza kuona kuwa korosho inachangia asilimia 25.7 ya mauzo yake na sabuni inachangia asilimia 60, akajumlisha na kugawa kwa mbili, akapata karibu asilimia 42.9. Kwa wastani huo ataamini kuwa mauzo ya takribani shilingi 2,776,000 yanatosha kurudisha gharama zote. Kwa mchanganyiko halisi, mauzo hayo yataacha hasara ya zaidi ya shilingi 395,000 kwa mwezi. Kosa lake ni kuipa sabuni uzito sawa na korosho, ilhali katika kila shilingi 594,000 zinazoingia, sabuni imeleta shilingi 50,000 tu. Wastani sahihi ni ule unaoipa kila bidhaa uzito kulingana na sehemu yake katika mauzo.

Vilevile, bidhaa mpya haipaswi kupokelewa kwa sababu tu asilimia yake inavutia. Sabuni imekuja na kodi yake ya shilingi 70,000. Ili ijilipie kodi hiyo, ni lazima ziuzwe angalau sabuni 47 kwa mwezi. Zikiuzwa chini ya hapo, korosho ndizo zitakazokuwa zinailipia sabuni chumba.

Bei ambayo mkulima anaishangilia

Mnada wa korosho una pande mbili katika kijiji kimoja. Bei ikipanda, mkulima anafurahi, na ndilo lengo la mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika katika zao la korosho msimu wa 2007/2008. Kwa mbanguaji, bei hiyohiyo ni gharama. Korosho ghafi zikipanda kutoka shilingi 3,000 hadi 3,500 kwa kilo, gharama ya fungu inaongezeka kwa shilingi 50,000, mchango unashuka kutoka 170,000 hadi 120,000, na kikundi kinahitaji karibu mafungu 10 badala ya 7 ili kurudisha gharama.

Wapo wanaodhani kuwa njia ya kukwepa ongezeko hilo ni kununua kwa kangomba, yaani kupima korosho za mkulima kwa kipimo kisicho rasmi na kwa bei ya chini nje ya mfumo. Njia hiyo imekatazwa, na humnyang'anya jirani kile ambacho mbanguaji anadhani amekiokoa. Hesabu inaonesha kuwa ipo njia halali yenye nguvu zaidi: kupunguza uvunjaji kwa kilo tano katika fungu kunaokoa shilingi 60,000, kiasi kinachozidi ongezeko lote la bei ghafi katika mfano huu.

Daftari linasema faida, sanduku linasema deni

Kiwango cha kurudisha gharama kinaeleza lini hasara inakoma. Hakielezi lini mkopo unaweza kulipwa. Mambo hayo mawili huchanganywa mara nyingi, na mkanganyiko huo ndio unaoweza kukiingiza kikundi matatani hata pale daftari linapoonesha faida.

Mashine ya kikundi cha mfano ilinunuliwa kwa shilingi 16,800,000 na inatarajiwa kudumu miaka mitano, hivyo uchakavu wake ni shilingi 280,000 kwa mwezi. Uchakavu ni gharama halali ya kihasibu, lakini hakuna mtu anayelipwa fedha hizo kila mwezi. Kwa upande mwingine, kikundi kilichangia shilingi 1,920,000 na kukopa shilingi 14,880,000, zinazorejeshwa kwa miezi 24, shilingi 620,000 kila mwezi. Marejesho hayo si gharama ya kihasibu kwa kuwa ni kurudisha mali ya mwenyewe, lakini fedha taslimu lazima zitoke.

Ili kujua mauzo yanayotosha kulipa deni, kikundi kinaondoa uchakavu katika gharama za kudumu, zinabaki shilingi 910,000, kisha kinaongeza marejesho ya 620,000. Jumla ni shilingi 1,530,000. Zikigawanywa kwa mchango wa 170,000, jibu ni mafungu 9.

Kati ya 7 na 9 ndipo penye hatari. Kikundi kikibangua na kuuza mafungu 8, daftari litaonesha faida ya shilingi 170,000, lakini sanduku litapungukiwa shilingi 170,000 za kukamilisha marejesho ya mwezi. Wanachama watagawana faida kwa furaha, na barua ya kukumbushwa deni itafuata. Kikundi kinachofahamu tofauti hiyo kabla ya kukopa kinaweza kuomba mkopo mdogo zaidi, au kuomba muda wa marejesho unaolingana na uwezo wake halisi.

Miezi michache ya kununua, miezi 12 ya kulipa

Korosho huvunwa kwa msimu, lakini kodi na ujira wa mlinzi havina msimu. Mafungu 7 kwa mwezi ni mafungu 84 kwa mwaka, sawa na tani 8.4 za korosho ghafi. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, kikundi kinahitaji shilingi 25,200,000 za kununulia malighafi katika miezi michache ya msimu, ili tu kisipate hasara katika miezi 12. Kwa mafungu 9 yanayotosha marejesho, mahitaji yanafikia shilingi 32,400,000.

Hesabu hiyo inabadilisha swali ambalo kikundi kinapaswa kujiuliza. Swali la kwanza si bei ya mashine, bali ni wapi zitapatikana fedha za kuilisha mashine hiyo kwa mwaka mzima na ghala kavu la kuhifadhi kitakachonunuliwa.

Taifa limewahi kupita katika somo hilohilo kwa kiwango kikubwa. Tanzania ilijenga viwanda 12 vikubwa vya kubangua korosho, vingi vikiwa katika mikoa ya kusini, wakati uzalishaji ulikuwa umefikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/1974. Baadaye uzalishaji ulianguka, na katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa chini ya tani 20,000, kutokana na sababu zikiwemo kuhamishwa kwa wakulima mbali na mikorosho yao, bei ndogo kwa mzalishaji na ugonjwa wa ubwiri unga. Majengo na mitambo ilikuwepo, gharama zake za kudumu zilikuwepo, lakini korosho za kuzilipia gharama hizo hazikuwepo. Viwanda vingi vilisimama kwa miaka mingi.

Kumbukumbu hiyo ina uzito leo, wakati sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania bado inauzwa nje ikiwa ghafi, hasa India na Vietnam, na wakati eneo la Maranje katika Halmashauri ya Mji Nanyamba limetengwa kwa ajili ya kongani ya viwanda vya korosho. Kiwanda kikubwa na kikundi cha watu kumi vinatofautiana kwa ukubwa wa tarakimu, lakini kanuni inayoviongoza ni moja.

Mipaka ya hesabu na hatua za kuchukua

Kama hesabu yoyote ya kupanga, hii ina mipaka. Inachukulia kuwa bei hazibadiliki ndani ya kipindi, kwamba kila kilichobanguliwa kimeuzwa, na kwamba gharama za kudumu zitabaki zilivyo. Kikundi kikikua na kuhitaji jengo la pili, gharama za kudumu zitaruka na hesabu itaanza upya. Kwa sababu hiyo haifai kukokotolewa mara moja na kutundikwa ukutani. Inapaswa kurudiwa kila bei ya mnada inapobadilika na kila mwezi mchanganyiko wa mauzo unapopimwa.

Daftari linalotosha kwa kazi hiyo si kubwa. Linahitaji kuonesha, kwa kila fungu, kilo za korosho ghafi zilizoingia na bei yake. Kilo za nzima na kilo za vipande zilizotoka, kila moja katika safu yake. Mauzo ya kila bidhaa. Na gharama za kudumu za mwezi zikiwa zimetenganishwa na zinazobadilika. Kwa taarifa hizo, mwanachama anayejua kugawa anaweza kupata jibu kwa muda mfupi.

Vikundi vinavyohitaji msaada vina mahali pa kuanzia mkoani humohumo. Maafisa maendeleo ya jamii na maafisa biashara wa halmashauri ndio walio karibu zaidi na waombaji wa mikopo ya asilimia 10. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, hutoa mafunzo ya ujasiriamali na teknolojia ya usindikaji. Bodi ya Korosho Tanzania yenye makao yake makuu Mtwara husimamia tasnia hiyo, na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele ni chimbuko la utaalamu wa zao lenyewe. Taasisi ya Uhasibu Tanzania nayo ina kampasi Mtwara, ambako somo la uhasibu wa menejimenti hufundishwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mbanguaji wa Mtwara, daftari hilo linapaswa kuwa na safu mbili badala ya moja: ya korosho nzima na ya vipande. Kikundi kinachokwenda kuomba mkopo kikiwa kinajua kuwa mafungu 7 yanazuia hasara, mafungu 9 yanalipa deni, na kilo tano zilizovunjika katika kila fungu zinaweza kufuta vyote viwili, kinaomba kiasi kinachoweza kukirejesha.